Ile Premio yetu: majibu kwa wanaotuuliza



Tangu tulipoweka picha ya gari yetu hapa, maswali hayajakwisha. Wengine wanatuandikia hadi usiku: "Ndugu zangu, tuko na milioni 15 ya kikundi, tununue Premio ao Noah?" Wengine wanauliza kama ni kweli Toyota haiharibiki. Hata wafanyakazi wawili wa mashirika wametuuliza, wao wanataka kujua kama kikundi cha vijana kikiandika gari kwenye mradi, hiyo ni akili ama ni tamaa. Kujibu mmoja mmoja kumetushinda, basi tunaandika hapa mara moja na kila mtu achukue kinachomfaa.

Sisi ni wanane. Watano kati yetu tunajitolea hapa kambini, wengine wanauza sokoni na wanalima. Pesa ya gari ilitoka kwenye likilimba yetu ya miaka 3 na mahindi ya misimu miwili. Haikuwa pesa ya ziada. Mwenzetu mmoja alitoa ile aliyokuwa ameiweka kwa ada ya mdogo wake anayeingia sekondari. Dada mmoja aliuza cherehani. Kwa hiyo tukisema "gari ikifa", hatuzungumzi juu ya chuma peke yake.

Kwanza, kwa nini sedan na siyo Noah ama Hiace? Noah inabeba watu wengi, ndiyo, lakini watu wengi hawapatikani kila siku, na ikienda na watu wanne inakula mafuta kama imebeba saba. Kutoka kwetu mpaka Mbarara ni kama kilomita 60, sehemu kubwa ya huku kwetu ni marram. Safari zetu ni za mwanafunzi na sanduku lake, mama anayekwenda hospitali kubwa, mfanyabiashara na mzigo wa vitenge. Watu wanne, buti kubwa, basi. Buti ya Premio inameza magunia mawili ya mahindi na bado inafunga. (Hilo la magunia tutalirudia, maana ndiko ugomvi wetu ulikoanzia.)

Sasa tusikie vizuri: "Premio" siyo gari moja. Hapo ndipo wengi wanapotea. Premio hii ya kwanza ilianza kutoka mwisho wa 2001 ikachukua nafasi ya Corona, na ile yenye umbo jipya ikaja 2007. Kwenye hiyo ya kwanza kuna injini tatu, na kila moja iko na tabia yake kama watoto wa tumbo moja. Dalali atakwambia "ni Premio tu, zote sawa". Si sawa.

Fungua boneti, tafuta kibati kidogo cha chuma chenye maandishi. Kinaandika namba ya modeli. Ikianza na NZT, injini ni 1NZ, ya cc 1500. Ikianza na ZZT, ni 1ZZ, ya cc 1800. Ikianza na AZT, ni 1AZ ya cc 2000, na mara nyingi kifuniko cha injini kimeandikwa D-4. Huhitaji fundi kusoma kile kibati. Unahitaji kitambaa cha kufuta vumbi.

Ile ya D-4 ina nguvu na inavutia vijana. Lakini inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa. Kwenye injini za kawaida petroli ndiyo inaosha zile valvu kila inapopita. Kwenye D-4 hakuna wa kuosha, masizi yanajijenga taratibu, gari inaanza kutetemeka ikisimama na kukosa nguvu mlimani. Tena iko na pampu ya presha kubwa isiyopenda petroli chafu, na sisi huku petroli ya chupa ndiyo iko karibu. Tuliiondoa kwenye orodha siku ya kwanza.

Ile ya 1800 ni injini nzuri ila zile za miaka ya mwanzo zinajulikana dunia nzima kwa kula oili. Vitundu vya kurudisha oili kwenye pistoni vilikuwa vidogo, vikiziba masizi, oili inabaki juu na inaungua. Toyota wenyewe walibadilisha pistoni baadaye. Ukiona eksozi inatoa moshi wa buluu asubuhi, na midomo ya eksozi ndani iko nyeusi ya mafuta-mafuta, usinunue kwa maneno ya "itabadilishwa oili tu itapona". Haiponi kwa oili mpya.

Sisi tulitafuta 1NZ. Haina mbio, mlima wa kutoka mtoni ikiwa na watu wanne na mizigo inapanda kwa kulalamika. Lakini ni injini ya cheni, siyo mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Spea zake ni zilezile za magari mengi madogo yanayozunguka Uganda nzima, na fundi wa chini ya mwembe anaijua. Ukiwa mkimbizi unayetegemea gari kula, gari nzuri ni ile ambayo hata fundi wa kijiji ameshaifungua mara 100. Hayo ni mawazo yetu, wenye pesa wanaweza kubishana.

Gari ya kwanza tuliyoonyeshwa mjini ilikuwa nzuri kwa macho. Rangi inang'aa, siti zimevaa plastiki, harufu ya mpya. Dashibodi ilisema kilomita 78,000. Muuzaji alituapia kwa jina la mama yake. Tulikuwa tumekwenda na fundi wetu, mzee mmoja mkimbizi kama sisi, aliyetengeneza magari Uvira kabla sisi hatujazaliwa. Sote tunamwita Papa. Papa hakufungua boneti hata. Alifungua mlango wa dereva akainama kwenye fremu kama anatafuta sindano. Kulikuwa na kikaratasi cha kunata, kimeandikwa Kijapani. Gereji za Japani zinabandika hicho kila wakibadilisha oili, wanaandika tarehe na kilomita. Kijapani hatujui, lakini namba ni namba: 131,400. Yaani gari iliondoka Japani imeshatembea zaidi ya 131,000, ikafika Afrika ikapata ujana.

Papa alimwonyesha muuzaji bila kelele. Yule akasema labda hicho kikaratasi ni cha gari nyingine. Tukaaga tukaondoka.

Basi mjifunze hivi vitu vidogo, havina gharama. Ile karatasi ya oili mlangoni ama chini ya boneti. Wajapani mara nyingi wanaandika mwaka kwa hesabu ya mfalme wao, usishangae kuona 17 peke yake. Mwaka wa 17 wa enzi ya Heisei ni 2005. Mkanda wa siti, uvute mpaka mwisho, chini kuna kitambaa chenye tarehe ya kutengenezwa. Kama gari ni ya 2005 na mkanda mmoja ni wa 2009, uliza ule wa zamani ulikwenda wapi, labda gari ilipata ajali. Tairi ina namba nne ndani ya kiduara: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Pedali ya breki, kama mpira umeisha mpaka chuma inaonekana, hiyo siyo gari ya kilomita 78,000, hata kama siti zimevaa plastiki. Na pleti ya namba pia inazungumza: herufi zinasonga kwa mpangilio, kwa hiyo UA ya zamani imekaa Uganda muda mrefu kuliko UB. Kukaa muda mrefu siyo ubaya peke yake, ila ujue imeonja barabara zetu.

Ya pili ndiyo tuliyonunua. Ilikuwa ya mwalimu mmoja, imekaa naye miaka 6, dashibodi inasema 187,000 na hakuna mtu aliyejaribu kuificha. Ilikuwa na mikwaruzo, siti ya nyuma imechanika, na redio inashika stesheni chache tu kwa sababu redio za Japani zinaishia chini, huku stesheni nyingi ziko juu ya 90. Mpaka leo ukiwasha gari dada mmoja wa Kijapani anatuambia kitu kwa heshima kubwa. Abiria wazee wanamwitikia "asante". Tulifikiri anatusalimia, kumbe analalamika kadi ya kulipia barabara za kwao haijawekwa. Tulilipa milioni 16. Kwa macho ya watu tulikataa mrembo tukaoa mjane, na tulichekwa sana pale Base Camp.

Sasa tuingie kwenye matatizo yenyewe, kwa sababu yapo. Ile sentensi kwamba Toyota haiharibiki isahauni. Inaharibika, tofauti ni kwamba mara nyingi inakuonya kwanza.

Inaanza chini. Gari hizi zilitengenezwa kwa lami ya Japani. Marram inashambulia miguu. Kitu cha kwanza kufa ni stabilaiza linki, kale kajiti kembamba kenye vichwa viwili, utasikia ko-ko-ko kila ukipita kwenye mawimbi ya barabara. Hicho hakitakuua, bei yake ni ndogo. Baada yake ni bushi za mkono wa chini, halafu shokapu, halafu boljointi. Boljointi ndiyo ya kuogopa, ikitoka tairi inalala ubavuni. Papa alitufundisha: inua gari na jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, ni boljointi ama beringi. Shika kulia na kushoto, tikisa. Ikicheza, ni tairodi. Tunafanya hivyo kila Jumapili asubuhi kabla ya ibada, na waumini wameshazoea kutupita tukiwa tumelala chini ya gari na mashati meupe.

Halafu kuna mpira wa ekseli, ule wenye mikunjo kama akodioni. Ukipasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, baada ya wiki chache gari inapokata kona inalia ta-ta-ta-ta. Ukiuona umepasuka leo unabadilisha mpira. Ukingoja kilio, unabadilisha jointi nzima. Wengi hapa wanaweka vipande vya mpira ama chuma juu ya springi ili gari isimame juu isikwangue chini. Tunaelewa kwa nini, barabara yetu inajulikana. Lakini ukiinua sana, zile ekseli zinakaa kwa pembe isiyokuwa yake, na mpira unapasuka haraka. Sisi tulikataa kuinua, tukaweka ngao ya chuma chini ya sampu. Fundi wa kuchomelea alituchomea kwa bati nene. Imeshapiga mawe mengi na sampu iko salama.

Vumbi. Filta ya hewa ya gari ya Kampala na ya huku siyo kitu kimoja. Wakati wa kiangazi tunaitoa kila wiki, tunaipigapiga, tunaipuliza kutoka ndani kwenda nje. Kutoka ndani kwenda nje, siyo kinyume, ukipuliza kinyume unasukuma vumbi ndani ya karatasi. Ikichoka tunanunua nyingine, hatuioshi na sabuni kama wengine wanavyofanya.

Petroli ya chupa tuliikataza kabisa, isipokuwa mtu anakufa. Unajua mwenyewe wanachanganya. Na dereva haruhusiwi kushuka chini ya robo tanki. Siyo kwa ajili ya dharura tu. Pampu ya petroli iko ndani ya tanki, inapoozwa na petroli hiyohiyo inayoizunguka. Hawa wenzetu wa speshoo wanaoweka lita 5 asubuhi, lita 5 mchana, ndio wanaobadilisha pampu kila mara na kusema gari imerogwa.

Sasa, joto. Hili tulitaka kuliandika siku nyingi. Gari yetu tulipoinunua ilikuwa haina tamostati. Mwalimu mwenyewe alitwambia fundi mmoja aliitoa "kwa sababu Afrika ni nchi ya joto". Fundi wengi wanafanya hivyo Uganda, Kongo, kote, na wanafanya kwa roho safi. Tamostati ni kama mlango: injini ikiwa baridi inafunga maji yasiende kwenye radieta, ikipata moto wa kutosha inafungua. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata moto wake, kompyuta inafikiri bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Mwalimu alikuwa anashangaa gari ndogo inakula kama lori. Tuliweka tamostati mpya na maji ya rangi, yale ya radieta, siyo ya bomba, maana maji ya bomba yanaleta kutu ndani na kuziba vijia vya radieta. Kwenye daftari letu, kabla ya hapo tulikuwa tunapata kama kilomita 9 kwa lita. Sasa ni 11, wakati mwingine 12 dereva akiwa mpole. Kwa safari ya kwenda na kurudi Mbarara hiyo ni lita mbili hadi tatu zinazobaki mfukoni.

Na sindano ya joto ikipanda, simama. Hapo hapo. Usiseme "nifike tu kwenye lami". Hedi ya injini hii ni aluminiamu, ikichemka inapinda, gasketi inaungua, na hapo likilimba ya miaka 3 imekwisha ndani ya dakika 10. Usifungue kifuniko cha radieta ikiwa moto, tumeona mtu ameungua uso.

Giabokisi, kwa ufupi: yetu ni ile otomatiki ya kawaida ya gia 4. Premio za umbo jipya ziko na CVT, haina gia za kuhesabu, ni mkanda wa chuma. Kila moja iko na mafuta yake. Ukiweka mafuta ya kawaida kwenye CVT unaiua. Muuza duka akikwambia "yote ni mafuta ya otomatiki", toka ndani ya duka lake.

Oili ya injini: 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Tunabadilisha kila kilomita 5,000 na tunaandika tarehe kwenye kikaratasi mlangoni kama Wajapani. Kwa Kiswahili.

Tunafika kwenye koili, na hapa tutakaa kidogo.

Injini hii iko na koili 4, kila silinda na yake. Moja ikifa, silinda hiyo haichomi, gari inatetemeka kama mtu wa malaria, taa ya injini inawakawaka. Mwezi wa 3 ilitupata. Papa hakukimbilia kununua. Mashine ya kusoma makosa ilisema P0303, yaani silinda ya tatu. Alichukua koili ya tatu akaiweka ya kwanza, ya kwanza akaiweka ya tatu, akawasha. Kosa likahamia silinda ya kwanza. Basi ni koili, siyo plagi, siyo waya. Dakika 15, bila shilingi. Kuna mafundi wangebadilisha zote nne na plagi juu yake. Akatukataza kuendesha hivyo hivyo, maana ile petroli isiyochomwa inakwenda kuunguza eksozi kwa ndani. Koili za Mbarara tulizoziona zote zilikuwa za bandia, nyepesi mkononi kama za kuchezea. Tukaagiza moja Kampala kwa basi, iliyotumika lakini ya asili. Siku mbili.

Usiku wa siku ya kwanza, kama saa 5, jirani mmoja alikuja mbio na mtoto wake wa miaka 4. Homa, degedege. Kituo cha afya walikuwa wameandika barua ya kwenda hospitali kubwa, na gari ya wagonjwa ilikuwa imeshaondoka na mgonjwa mwingine. Alijua sisi tuko na gari. Watu wote wanajua. Tukamwambia gari imelala, haina koili. Hakuelewa neno koili, na kwa nini aelewe? Alichoona ni gari nzima, inang'aa chini ya mwezi, ina tairi nne, na vijana wanane wanasema haiwezekani. Walikwenda kwa bodaboda, baba mbele na mtoto katikati na mama nyuma, wamefungwa kwa kitenge. Kilomita 60 usiku.

Mtoto yuko hai, tunamshukuru Mungu, juzi alikuwa anapiga mpira wa karatasi mbele ya ofisi yetu. Lakini baba yake kwa muda mrefu alikuwa anatupita bila salamu, na hatukumlaumu.

Baada ya usiku huo tulikaa kikao kirefu kuliko vyote. Wengine walisema hii ni biashara, sisi siyo ambulansi, tusijibebeshe mzigo wa mashirika. Wengine wakasema ukishaweka gari kijijini, kijiji kimeshaihesabu, upende usipende. Hatukukubaliana mpaka leo kwa maneno. Kwa vitendo tulifanya hivi: ndani ya buti kuna sanduku la koili moja, plagi moja, stabilaiza linki mbili, mkanda wa alteneta, fyuzi, lita moja ya oili na galoni ya maji. Na tukaongea na dereva mwingine wa upande wa Rubondo, gari yetu ikilala yake inasimama, yake ikilala yetu inasimama. Hakuna karatasi, ni neno tu, na limeshika. Mgonjwa wa barua analipa petroli peke yake.

Ule ugomvi wa magunia sasa. Siku ya soko mfanyabiashara anakupa pesa nzuri uweke gunia 4 za mahindi kwenye buti na watu 6 ndani. Dereva anaona pesa, wewe uliyelala chini ya gari Jumapili unaona springi za nyuma. Mwenzetu mmoja alijifunza kuendesha kwetu Kongo, na kule gari ndogo inabeba ukoo mzima, alituona waoga. Tulibishana wiki mbili. Papa ndiye alimaliza. Alimwita, akamwonyesha ukuta wa ndani wa tairi ya nyuma, mpya ya miezi 4, umeshalika mpaka nyuzi zinachungulia, kwa sababu gari ikizidiwa mzigo tairi zinafungua miguu kama mbuzi mchanga. Bei ya tairi moja ilikuwa zaidi ya pesa zote za magunia. Tangu hapo ni abiria 4 na dereva. Polisi wa barabarani pia wanatupenda kidogo zaidi.

Wale wa mashirika waliotuuliza juu ya mradi, hesabu zetu ndizo hizi, msituone wabaya. Safari moja kwenda na kurudi ikiwa imejaa inaingiza 120,000. Petroli inakula kama 55,000. Dereva 20,000. Inabaki 45,000. Hapo 15,000 inaingia kisanduku cha spea kabla mtu yeyote hajaigusa, hata kama gari haina tatizo lolote. Inabaki 30,000. Mwezi mzuri ni safari 20, yaani 600,000 kwa watu wanane, 75,000 kila mtu. Mwezi wa mvua barabara inapokatika ni nusu. Kwa hesabu hiyo milioni 16 zinarudi baada ya miaka miwili na zaidi, kama hakuna kitu kikubwa. Kikundi kinachosubiri kutajirika mwaka wa kwanza kinunue mbuzi.

Na mkitoa msaada wa gari kwa vijana, toeni na pesa ya spea ya mwaka mmoja, na mumlipe fundi mzee mmoja akae nao. Tumeona gari moja ya mradi imesimama nyuma ya jengo, nyasi zinaota kwenye rimu, na kosa lake Papa anasema ni pampu ya maji. Kitu cha siku moja. Hakuna bajeti ya pampu, bajeti ilikuwa ya gari.

Jambo moja la karatasi: logbuku. Usilipe shilingi ya mwisho kabla hujaona logbuku, namba ya chasisi iliyoandikwa humo uilinganishe na ile iliyogongwa kwenye gari yenyewe, na uhakikishe haiko rehani kwa deni la mtu. Sisi pia tuliandikiana wanane, na mashahidi, nani ana kiasi gani, na mtu akipata safari ya kwenda kuishi nchi nyingine analipwaje sehemu yake. Mmoja wetu ameshaitwa kwenye mahojiano ya pili. Tunafurahi kwa ajili yake na kisanduku kinatetemeka.

Sasa gari inasoma 214,000. Ndani ya mwaka mmoja na miezi 4 tumebadilisha: tamostati, linki mara 3, bushi za mbele, shokapu mbili za nyuma, koili moja, betri, mpira wa ekseli wa kushoto, tairi 5. Injini haijafunguliwa. Giabokisi haijaguswa isipokuwa mafuta. Oili haishuki katikati ya sevisi.

Swali lililobaki kwenye meza ni shokapu za mbele. Zimeanza kulia asubuhi, Papa anasema zitafika mwezi wa 12, dereva anasema hazifiki. Za bandia mpya ni rahisi, za asili zilizotumika kutoka Kampala ni ghali mara mbili. Jumapili tunapiga kura. Mwenye uzoefu wa zile zilizotumika atuandikie hapa chini, ataje na kilomita alizotembea nazo, siyo "ziko poa" tu.